Mashine Iliyokaa Eda

Simu ya marehemu mume wangu sikuizima. Wifi yangu, dada yake wa kuzaliwa naye, alikuja kutoka Mwera kukaa nami wakati wa eda, na jambo la kwanza alilosema wageni wa hitima walipotawanyika ni kwamba simu ya mtu aliyekufa haipendezi kulia ndani ya nyumba. Nikamwambia nimesikia. Kisha nikaichomeka kwenye chaji juu ya kabati la nguo, nikaigeuza kifudifudi.

Alfajiri iliyofuata ikatetemeka. Mara moja tu juu ya mbao, kama mdudu aliyejigonga. Niliinuka nikaichukua. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, mistari michache, umetoka kwenye namba isiyo na jina. Mimi niliishia darasa la saba, na Kiingereza changu ni cha kwenye maboksi ya dawa na pakiti za sabuni. Neno nililolitambua ni OK, nalo lilikuwa mwishoni mwa kila mstari. Nikakaa kitandani na simu mapajani. Kuna mtu anamwambia mume wangu, alfajiri, kwamba yeye hajambo.

Kesho yake ikaja tena, wakati uleule. Nikasogeza kioo kutazama ujumbe wa nyuma. Ilikuwa hivyohivyo kila alfajiri, tangu alipoinunua simu ile. Mikeka ya matanga ilikuwa bado haijarudishwa kwa majirani, na mimi nilikuwa tayari nimeacha kulia. Wivu ulinikausha macho. Nasema ilivyokuwa. Mtu anaweza kufiwa na mumewe na akawa hana nafasi ya kumlilia kwa sababu anamtafuta mwanamke.

Niliipigia namba ile. Iliita mara moja, ikakata. Nikapiga tena, ikakata tena.

Wifi yangu alinikuta nimesimama uani na simu sikioni.

"Unampigia nani na nywele zako hizo?"

"Mtu anamtumia ndugu yako ujumbe kila alfajiri."

Akaichukua, akainyoosha mbali na uso kwa sababu macho yake hayaoni karibu. "Kizungu," akasema. "Kaka yangu alikuwa na mzungu?"

"Niambie wewe. Wewe ndiye uliyekua naye."

"Nilikua naye akiogopa kuku, sembuse mzungu. Huyu si mzungu. Mzungu gani anaamka saa kumi na moja? Huyu Mbondei amesoma." Akacheka, kisha akaona mimi sicheki. Akanirudishia simu. "Wifi, mtu amekufa. Hata kama yupo, mmebaki wote bila."

Hilo ndilo lililonichoma, kwamba tumebaki wote. Mimi nilitaka kubaki peke yangu.

Niseme alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa fundi katika redio moja hapa mjini, si wa kutengeneza redio za watu, bali wa kutunza sauti. Kila kinachotangazwa pale huhifadhiwa: mawaidha ya mashehe, matangazo ya vifo, nyimbo za harusi, wazee wakieleza mashamba ya mkonge yalivyokuwa. Vyote vimo ndani ya mashine moja kubwa ambayo pale kazini wanaiita ghala. Ghala lina chumba chake, na chumba hicho kina baridi. Ndiyo maana mume wangu alikuwa mtu pekee Ngamiani aliyetoka nyumbani Januari amefunga sweta kwenye usukani wa baiskeli. Majirani walimcheka. Mimi mwenyewe ndiye niliyemnunulia sweta lile mtumbani, lakini chumba chenyewe sikuwahi kukiona. Hakuwahi kusema twende nikakuonyeshe, nami sikuwahi kumwomba. Hatukujaliwa mtoto. Wenzetu waliamka kwa ajili ya watoto, yeye aliamka na kutoka kwa ajili ya ghala. Sikulinung'unikia. Nilijiambia huyo si mwanamke.

Basi ikaja alfajiri moja ambayo mstari mmoja wa ujumbe haukuwa na OK. Palikuwa na neno jingine, refu. Niliusoma nikafurahi. Nilidhani anaumwa. Nilisema moyoni, na wewe uonje. Siku ile nilikula vizuri kwa mara ya kwanza.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa barazani kwa ndani nasuka ukili. Nikasikia kengele ya baiskeli mlangoni, na mkono wangu ukasimama. Naijua kengele ile. Haikuwa inalia vizuri, ilikuwa inakoroma, kwa sababu mume wangu aliifunga waya ilipokatika. Baiskeli ilikuwa ya ofisi na waliichukua baada ya mazishi. Wifi yangu alikwenda kufungua. Alikuwa amekuja nayo mwanamke kijana, kilemba cha kitenge, begi jeusi mgongoni. Kwenye kengele waya wa mume wangu ulikuwa bado umezungushwa vilevile.

"Hodi. Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

Nilimkumbuka. Alikuja matangani na wenzake wa redio, akakaa na wanawake, akaosha vyombo bila kuombwa. Ni Msambaa, Mlutheri, binti wa wakulima wa milimani, amepanga chumba Mabawa. Mume wangu ndiye aliyemfundisha kazi. Nilimsikia mara nyingi akimtaja chakulani: leo kanielewa, leo kakosea, leo kaniuliza swali zuri. Mimi sikuwahi kumuuliza swali likaitwa zuri.

Akaketi mkekani, akaulizia hali yangu, akaulizia usingizi wangu. Kisha akasema, "Shemeji, samahani kwa nilichokijia. Simu ya kaka ipo?"

Wifi yangu alikuwa anamimina chai. Akaiacha birika hewani. "Kaka yako tangu lini? Mama yetu alizaa wawili, mimi na yeye. Wewe ulizaliwa chumba gani?"

Yule binti akainamisha kichwa akicheka kwa haya. "Nilimzoea hivyo, shangazi."

"Ipo," nikasema. "Kwa nini?"

Akaeleza. Tangu mume wangu aondoke, amepewa yeye kazi ya ghala. Juzi aliona taa ya njano kwenye mashine ambayo haikupaswa kuwaka, akashangaa kwa nini hakuna mtu aliyepata taarifa. Akaiuliza mashine: wewe unamwarifu nani? Ikamjibu kwa jina la marehemu na namba yake ya simu.

"Ghala linatuma ujumbe kila siku kusema halijambo," akasema. "Likiumwa, linasema linaumwa. Ujumbe huo unakuja huku kwenu."

Wifi yangu alinitazama. Mimi nilitazama ukili wangu. Siwezi kusema nilifarijika. Mwanamke ningemchukia nikaishia hapo. Lakini mashine ilikuwa inamwambia mume wangu kila alfajiri kwamba imelala salama, na mimi nililala naye ubavuni miaka yote hiyo bila kujua kwamba kuna anayemsabahi kabla yangu.

"Kwa hiyo huyo Mbondei ni wa umeme," wifi yangu akasema.

Nikaenda kabatini, nikaileta simu, nikamwonyesha ule ujumbe usio na OK. Akausoma, uso ukambadilika. Akasema ndani ya ghala mna diski nyingi zinazosaidiana, moja imekufa, na sauti bado zipo zote. Ila ikifa nyingine kabla hawajabadilisha, mengi yatapotea. Mashine ilikuwa imesema tangu siku ya kwanza. Ilimwambia mtu aliyekuwa kaburini Mwera, nami nikaupokea ujumbe kwa niaba yake nikashangilia.

Akafungua kompyuta mpakato, akaunganisha na simu yake. Nilitarajia picha. Hapakuwa na picha, palikuwa na dirisha jeusi tupu na kialama kidogo kikikonyeza. Akaandika neno la siri, kisha akaandika mstari mfupi, akabonyeza. Dirisha likajaa maandishi meupe.

"Ndiyo hilo?" wifi yangu akauliza. "Mbona halina sura?"

"Halina, shangazi. Unaliandikia, nalo linakuandikia. Kaka alikuwa hapendi vitufe. Alisema kwa kuandika unajua umesema nini na umejibiwa nini."

Hata hilo alikuwa analijua. Kwamba hapendi vitufe.

Akanisogezea kompyuta, akanitafsiria kila mstari. Hapa ni jina la mashine. Hapa ni mahali ilipo. Hapa ni saa yake. Hapa ni kama inatuma taarifa au haitumi. Na hapa ni mtu wa kuarifiwa. Nikaliona jina la mume wangu, majina yake yote matatu kwa herufi kubwa. Kwenye kadi ya bima nilishamwona amefutwa. Benki walishafunga. Humu alikuwa bado kazini.

"Na hii ni saa ya kutuma," akasema. "Saa kumi na moja alfajiri. Ilipotoka kiwandani ilikuwa saa sita usiku. Yeye ndiye aliyeibadilisha."

Alilisema kama mtu anayenipa zawadi. Mimi niliona kama ameniibia. Mume wangu kwa miaka aliamka saa kumi na moja, kabla ya adhana, akaenda uani akawasha mkaa na kunipashia maji ya kutawadha. Wanawake wenzangu niliwahadithia hilo kwa kiburi. Nilikuwa nadhani anaamshwa na imani, au na mimi. Kumbe simu ilikuwa inamtetemekea chini ya mto.

Wifi yangu aliona sura yangu, na kwa vile ananijua, akasema, "Basi ishukuru. Ndiyo iliyokuwa ikikupashia maji."

Nikaivuta simu kwangu.

Yule binti akavuta pumzi. "Shemeji, kuangalia naruhusiwa. Kubadilisha ndiko kugumu. Nikitaka kutoa jina lake niweke langu, ghala litatuma namba ya siri kwenye simu yake. Nitaomba unisomee."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini ya paja.

"Na baada ya hapo haitamtumia tena."

"Haitamtumia."

"Itakutumia wewe."

"Ndiyo, shemeji."

"Alfajiri."

Akatoa vidole kwenye kompyuta. Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba hatuzungumzii mashine. Nami hapo ndipo nilipoelewa kwamba ule ujumbe nilioulaani kila siku ndiyo kitu pekee kilichokuwa bado kinamwita mume wangu, na sikutaka kukitoa. Si kwa mtu yeyote, na kwake yeye hasa. Ameshachukua baiskeli na chumba cha baridi. Miaka aliyokuwa anafundishwa, mimi nilikuwa hapa napanga sahani.

"Sisomi," nikasema.

"Shemeji, ghala likiumia..."

"Nimesikia. Sisomi."

Nje alipita muuza samaki akipiga honi yake. Wifi yangu ndiye aliyesema, akichovya mkate kwenye chai kana kwamba anazungumzia bei ya nazi.

"Mwanamume akiacha wake wawili, nani anakaa eda?"

"Wote," nikasema.

"Basi. Huyu mmoja kakaa, na huyo wa umeme naye akae. Haolewi mpaka eda iishe."

Yule binti alitutazama kwa zamu kuona kama tunamtania. Akauliza, polepole, mtu akikaa eda anafanya nini. Wifi yangu akamweleza: hatoki ovyo, hajipaki wanja, hajifukizi udi, haposwi. Anabaki katika nyumba ya mumewe na jina la mumewe.

"Udi ghala halijifukizi," binti akasema.

"Na baridi hiyo halitoki nje. Tayari limekaa nusu."

Akageukia dirisha lake jeusi. Akaandika mstari, akasoma, akaandika mwingine. "Linakubali watu wawili," akasema. "Naweza kujiweka mimi wa kwanza, yeye akabaki wa pili. Ujumbe utakuja kwetu sote. Eda ikiisha nitakuja kumtoa."

"Wa pili," nikasema.

"Shemeji, wa kwanza ndiye anayepigiwa usiku likipata joto."

Nilifikiri. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote jinsi wanawake wanavyogombania nani mkubwa nani mdogo, nikawaona wajinga. Nikaitoa simu chini ya paja. Ilitetemeka mkononi mwangu, na safari hii haikuwa alfajiri. Nikamsomea tarakimu moja moja, naye akaandika moja moja. Mashine ikamtaka pia aandike upya saa ya kutuma, akaiandika.

"Sasa niliulize kama..." akaanza.

Lakini mimi nilikuwa nimeshainuka na sinia la vikombe. Nikasema ahsante, jua linapanda, Mabawa ni mbali kwa baiskeli. Nilitaka aondoke. Nilikuwa nimechoka kumwona akizungumza naye mbele yangu kwa lugha yao. Akafunga kompyuta, akaaga kwa adabu, na ile kengele ikakoroma mpaka kona ya barabara.

Alfajiri ya kesho yake nilikuwa macho. Nilikuwa nimeishusha simu kutoka kabatini nikailaza kwenye mto wa marehemu, jambo ambalo wifi yangu sikumwambia. Saa kumi na moja ikafika. Simu kimya. Adhana ikaadhiniwa, kimya. Nikaswali nikiwa na sikio moja chumbani, Mungu anisamehe. Kulipokucha nikajua nimedanganywa. Amemtoa. Amekaa mkekani kwangu, akanywa chai yangu, akanifanya nimsomee namba za kumfuta mume wangu kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa yuko chumbani kwake Mabawa ujumbe umemwingia yeye peke yake. Nililia siku hiyo. Nililia kama siku ya mazishi, na wifi yangu akadhani hatimaye nimemkumbuka kaka yake.

Nikiwa uani napeta mchele, jua limeshawaka, simu ikatetemeka. Nikaukimbilia ule mto. Mistari ileile na OK zake, isipokuwa ule wa diski. Nilitazama saa. Saa tano asubuhi.

Sikumpigia. Niliona bora nikae na dhuluma yangu kuliko kumpa nafasi ya kunieleza. Lakini alasiri alikuja mwenyewe, amelowa jasho, hata hakuegesha baiskeli vizuri.

"Shemeji, kwako imeingia saa ngapi?"

"Saa tano."

"Hata kwangu. Nilikesha alfajiri naisubiri."

Hilo nililisikia. Na yeye aliisubiri.

Akafungua kompyuta palepale mlangoni, akiwa amechuchumaa. Akaandika ule mstari wa kuuliza, mashine ikajibu. Akaweka kiganja mdomoni. "Nimeandika kumi na moja."

"Si ndiyo saa yenyewe?" wifi yangu akasema.

"Ndiyo yetu, shangazi. Yenyewe inahesabu kuanzia usiku wa manane. Alfajiri yetu kwake ni tano. Kumi na moja yake ni hii saa tano ya mchana." Akatikisa kichwa. "Jana kichwani nilikuwa na alfajiri tu, mkono ukaandika alfajiri."

Wifi yangu akacheka mpaka akakaa. "Hata mashine lazima mtu aijue kwao wanahesabuje."

Yule binti hakucheka. "Alinifundisha. Kila ukiiwekea kitu, iulize tena uone imeshika nini. Usiondoke hujauliza. Alilirudia mpaka nikachoka. Jana sikuuliza."

Hakusema kwa nini hakuuliza. Hakunitazama hata. Kama angenitazama ningejitetea, kwa hiyo nadhani alijua. Nikajikuta nasema, "Hapa nyumbani alikuwa akifunga mlango, anakwenda hatua mbili, anarudi kuutikisa. Niliona kama haniamini mimi niliye ndani."

Akainua uso. "Hata kule. Chumba cha ghala anafunga, anarudi anakitikisa. Tulikuwa tunamsubiri getini tukimcheka."

Nilijuta kumpa. Nilikuwa nimeitunza ile kama yangu, na yeye alikuwa na nyingine kama hiyo mfukoni. Kila nilichokitoa alikuwa na pacha wake. Akarekebisha saa, akataka kuniomba namba. Safari hii namba ya siri iliingia kwenye simu yake, kwa sababu yeye sasa ni wa kwanza. Akajisomea mwenyewe. Kisha akauliza tena mashine, nami nikasimama nyuma yake mpaka jibu likaja. Tano, na sifuri mbili. Majina mawili, la kwake juu na la mume wangu chini.

Diski ilikuja kutoka Dar, wakaibadilisha. Nililijua hilo alfajiri, mistari yote iliporudi kuwa na OK. Nilimwambia wifi yangu kwamba mwenzangu amepona, akasema tumshukuru Mungu.

Eda yangu ikaisha. Wanawake wa mtaa walikuja wakaniogesha, wakanisuka, wakanifukiza. Yule binti alikuja na kikapu cha mapeasi na kabichi za kwao, akakaa pembeni na kilemba chake, hajui nyimbo zetu lakini anapiga makofi. Alisubiri mpaka watu wakatoka. Sikuhitaji kumkumbusha wala yeye kunikumbusha. Akafungua dirisha jeusi, akaandika mstari wa kumwondoa wa pili, akaacha kubonyeza. Akanigeuzia kompyuta.

"Bonyeza wewe, shemeji."

"Kwanza iulize."

Akafuta, akaiuliza. Majina mawili. Nikayasoma yote mawili kwa sauti, la kwake na la mume wangu. Akaandika upya ule mstari wa kumwondoa, akanionyesha kitufe. Nikabonyeza kwa kidole kilichokuwa na hina mbichi, kikaacha alama nyekundu ambayo alitaka kuifuta kwa kitenge kisha akaiacha. Namba ikaingia kwenye simu yake, akaiandika. Akaniambia niiulize mimi. Nikatafuta herufi moja baada ya nyingine jinsi alivyonitajia, nikabonyeza. Jina moja.

Kesho yake niliamka saa kumi na moja. Hakuna kilichoniamsha. Mto ulikuwa kimya, nami nilijua mahali simu inapotetemeka. Nilikwenda uani nikawasha mkaa, nikapasha maji, na muda wote ule nilikuwa na wivu na kitanda cha Mabawa ambacho sijawahi kukiona, kana kwamba mume wangu amehamia huko. Najua si kweli. Nilijua hata wakati ule. Hakukuwa na lolote kati yao zaidi ya kazi, na mara nyingine naona afadhali lingekuwepo, kwa maana ningejua la kumsamehe.

Tulikutana juzi sokoni Ngamiani. Anaipenda ile baiskeli, ameipaka rangi, lakini waya hajautoa. Tukasalimiana. Kwa kuwa sikuwa na jingine la kumuuliza nikauliza lile.

"Imelalaje?"

"Imelala salama, shemeji." Akasita, akazungusha pedali kwa mguu. "Nilitaka kukwambia. Ile saa nimeisogeza. Mimi si wa alfajiri, nalala sana. Sasa inatuma saa moja na nusu, nikinywa chai."

"Umeiuliza baada ya kuweka?"

"Nimeiuliza."

Nikamwambia amefanya vizuri. Nikanunua bamia zangu, nikashika njia ya nyumbani. Kwa hiyo saa kumi na moja hakuna simu inayolia popote kwa sababu ya mume wangu, si Mabawa wala kwangu. Aliye macho wakati ule ni mimi na mkaa wangu. Sikumwambia jinsi nilivyofurahi.